Natumaje maua freshi kwa mama Babati bila kufika yamenyauka?

mtoto_wa_kwaraa:
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo kwa yeyote aliyewahi kufanya hili. Mama yangu yuko Babati, ni nesi, mwisho wa mwezi huu anastaafu na pale kituoni wenzake wanamfanyia kasherehe ka kumuaga, chai na keki na maneno mawili matatu. Mimi niko Dar, ruhusa sipati maana ndo tunafunga mahesabu, mdogo wangu yuko Mwanza ana mitihani, kwahiyo siku hiyo pale hakutakuwa na mtoto wake hata mmoja na hilo linaniuma.

Hela nitamtumia, vitenge ameshapata. Ila nataka siku ile aletewe maua, maua ya kweli yenye harufu, sio ya plastiki wala yale mataji ya kumetameta ya mahafali. Mama anapenda maua balaa, kila kituo alikohamishiwa alikuwa anapanda maua mbele ya nyumba ya serikali kabla hata mizigo haijafunguliwa, na sijawahi kuona mtu akimpa yeye hata ua moja. Ndo maana nimeng'ang'ana.

Nimetafuta mtandaoni nikapata wanaoandika wanapeleka Tanzania nzima, ukiwapigia ni Dar, Arusha, Mwanza na Dodoma basi, ukitaja Babati wanasema watakupigia na hawapigi. Mwingine anataka nilipe yote kwanza halafu usafiri "tutaangalia", huyo nimeachana naye. Nimewaza ninunue hapa Dar nipakie basi lakini safari ni siku nzima na joto hili yatafika kama mchicha wa juzi. Nani anajua njia nzuri, na ni maua gani yanavumilia safari?

dada_waridi_arusha:
Hongera kwa kumuwaza mama. Mimi nafunga na kuuza maua hapa Arusha kwahiyo nakuambia ninachokishika kila siku. Usinunue Dar. Waridi nyingi za Dar zimetoka huku huku kwetu, mashamba yako Usa River na Tengeru huku chini ya mlima Meru ambako usiku kuna baridi, nyingine zinatoka Naivasha Kenya, sasa ukinunua Dar ukazipandisha basi tena unazirudisha njia ileile kwenye joto wakati zimeshachoka. Arusha mpaka Babati ni kama kilomita 170, lami mwanzo mwisho, Makuyuni, Minjingu, Magugu umefika, masaa matatu hivi. Nunua karibu na mama sio karibu na wewe.

Halafu ujue unanunua nini. Mashamba makubwa yanalima kwa ajili ya Ulaya na kule waridi zinapangwa kwa urefu wa shina, sentimita 40, 50, 60 kwenda juu, sasa ile iliyopinda kidogo au fupi au yenye jani lenye doa haipandi ndege, inabaki inauzwa hapa. Sio mbovu hata kidogo, ua lenyewe ni lilelile, kwahiyo usiogope ukisikia mtu anakwambia hizi ni reject. Cha kuuliza ni yamekatwa lini, ya jana au leo asubuhi chukua, akianza kuzungukazunguka ondoka. Mtu wako akiwepo mwambie ashike ua taratibu pale chini linapokutana na shina abonyeze kidogo, likiwa gumu bado bichi, likibonyea limeshakaa. Na asichukue yaliyofunguka yote kwa sababu yanapendeza kwenye picha, achukue yaliyofumba yanayoanza kuachia, yatafungukia mezani kwa mama.

Waridi peke yake mimi sikushauri. Changanya na alstromeria, krisanti, kaneshini, hizo ndo zinavumilia, zikitunzwa zinaweza kufika wiki mbili, waridi wiki moja imeanza kuinama. Jabera ni nzuri sana ila shingo yake inavunjika kwa msukosuko, iache.

Ya kusafiri tunafunga hivi, majani yote ya chini yanatolewa, mashina yanakatwa upya kwa mshazari kwa kisu kikali (mkasi butu unabana mishipa ya maji), yanakaa kwenye ndoo ya maji ya baridi usiku mzima yanywe, asubuhi unafunga pamba au kitambaa kilicholowa kwenye mashina, juu yake nailoni, rababendi, halafu gazeti kavu kuzunguka vichwa. Vichwa visilowe! Watu wanapenda kunyunyizia maji wakidhani wanasaidia, maji yakikaa kwenye petali ndani ya boksi lililofungwa ndo ukungu unaanza na mpaka Magugu yana madoa ya kahawia.

mzee_wa_magugu:
Dada ameeleza vizuri, mimi naongezea upande wa watu. Huku kwetu mtu mzima akiona bodaboda asiyemjua amesimama mlangoni kashika maua, kitu cha kwanza moyo unamlipuka, nani amefariki. Maua freshi wengi tumeyazoea kwa bibi harusi na msibani, hapo katikati hayapo sana. Kuna mama jirani yetu aliwahi kuletewa na kijana wa bodaboda, mwanae yuko nje, yule kijana akauliza hapa kwa mama fulani, akampa, akawasha pikipiki akaenda zake. Mama alikaa chini palepale kwenye baraza akaanza kupiga simu watoto mmoja mmoja kuhakikisha wote wako hai. Maua mazuri kabisa, lakini mapokezi hayakuandaliwa.

Kwahiyo kijana wangu usimfanyie saprize ya asilimia mia. Ongea na mganga mfawidhi au nesi mwenzake wa karibu, apokee yeye, ayatoe mbele za watu wakati wa zawadi na aseme wazi haya ni kutoka kwa wanao walioko Dar na Mwanza, wanakusalimu. Weka kadi, iandike maneno yako mwenyewe na iombe isomwe kwa sauti. Rangi pia angalia, usipeleke meupe matupu na usifungie riboni ya zambarau wala nyeusi, na shada lisifungwe mviringo. Njano, pinki, rangi ya chungwa, hapo hakuna atakayefikiria makaburini.

Lingine, Babati wapo wapambaji wa kumbi, wanaopamba harusi na vipaimara. Wengi maua freshi wanayaagiza Arusha mwisho wa wiki. Ukimpata mmoja unaweza kuingizia la kwako kwenye mzigo wake, na yeye anajua kufunga, sio lazima uanzishe msafara wako.

jembe_halisi:
Mkuu sikuvunji moyo ila mimi ningechukua hiyo hela nikamnunulia mama bati au mfuko wa mbolea, anastaafu huyo anaenda kulima. Maua siku tano yametupwa. Mapenzi ya mama yanaonekana kwenye vitu vinavyobaki.

sista_wa_zamu:
Kaka jembe nakuheshimu lakini hapa sikubaliani na wewe. Mimi pia ni nesi, wilaya nyingine. Tukiagwa tunapewa beseni, sufuria, khanga, na tunashukuru kwa moyo wote, lakini vyote hivyo ni vya kwenda kufanyia kazi tena, kupika na kufua. Mtu amekesha na wazazi leba miaka na miaka, amefunga macho ya watu, amebeba watoto wa watu kabla mama zao hawajawabeba, siku moja apewe kitu kisichomtaka afanye lolote, akishike tu na akinuse. Mbolea ataipata msimu ukifika, huyu mtoto ameshasema hela anatuma, hakuna mama anayenyimwa kitu hapo.

Wewe mwenye uzi nikupe angalizo la kazi. Hakikisha maua yanapelekwa chumba cha mikutano au ofisini yasipitishwe wodini. Sehemu kama ICU na wodi za walioungua maua freshi hayaruhusiwi kabisa kwa sababu maji ya kwenye chombo yakikaa yanazalisha vijidudu, na hata kama kituo cha mama hakina wodi hizo, mama mwenyewe atakuwa wa kwanza kukataa yaingie kwa wagonjwa, namjua nesi wa zamani alivyo. Mwambie atakayepokea aandae ndoo safi yenye maji, hapo kituoni ndoo hazikosekani.

konda_mstaafu:
Nimefanya kazi njia hiyo, Arusha Babati Kondoa, vifurushi nimebeba vya kila aina mpaka keki ya harusi ya ngazi tatu. Sikiliza.

Maua usikubali yawekwe kwenye buti. Kule chini kuna joto, vumbi, na mizigo inahama gari likikunja kona, boksi lako linalaliwa na gunia. Mtu akwambie nitaliweka vizuri kaka usijali, atakuwa na nia njema kabisa lakini Makuyuni wanashusha, Minjingu wanapakia, kila stop mikono mipya inagusa. Unachofanya nunua siti. Ndio, lipa nauli ya siti moja boksi likae pale mbele nyuma ya dereva, lisimame wima, mkanda ulishike. Kwa njia fupi kama hiyo sio hela ya kukutisha. Kama kuna mtu unayemwamini anasafiri siku hiyo basi ndo vizuri zaidi, apakate.

Andika juu ya boksi kwa maka peni kubwa pande zote MAUA MABICHI, USILAZE, USIWEKE MZIGO JUU, na jina na simu ya mpokeaji. Chukua risiti ya kifurushi hata kama umelipa siti, upate namba ya gari na simu ya konda, umpigie mara moja tu gari likiondoka, sio kila dakika kumi. Wapakie gari la kwanza la asubuhi. Gari la mchana likiharibika au likishikwa mizani umekwisha, la asubuhi hata likichelewa bado una siku. Na mpokeaji awe stendi kabla gari halijaingia, maana kifurushi kikiingia ofisini kinaungana na vingine na ofisi nyingi ni mabati matupu, saa saba mchana humo ndani ni oveni.

dada_waridi_arusha:
Konda umesema kweli tupu. Hiyo ya buti naomba niongezee sababu ambayo wengi hawaijui. Mabasi ya huku yanapakia sana ndizi, parachichi, maembe. Tunda likianza kuiva linatoa gesi inaitwa etilini, hauioni wala hauinusi, lakini ua likiivuta linajua wakati wake umeisha, linazeeka haraka, petali zinadondoka. Kaneshini ndo haiwezi kabisa, inajikunja inalala. Kwahiyo hata ukifika nyumbani usiweke maua mezani karibu na sinia la matunda, mama awe nayo upande mwingine wa sebule na mbali na dirisha lenye jua.

mtoto_wa_kwaraa:
Wakuu nimesoma kila mstari asanteni sana. Mzee wa Magugu hilo la msiba lisingenijia kamwe, nilikuwa nimeshapanga bodaboda amgongee mlango.

Hapa nilipofika: sherehe ni Ijumaa saa nane mchana. Nimempata mpambaji mmoja pale Babati kupitia shangazi yangu anayesali kwaya moja na dada yake, anasema mzigo wake wa Arusha unaingia Alhamisi jioni kwa ajili ya harusi ya Jumamosi na anaweza kuniongezea. Nimemwambia njano na chungwa na pinki kidogo, alstromeria nyingi, waridi chache zilizofumba. Nesi mwenzake mama amekubali kupokea, na kasema hata mama akiuliza hatasema.

Maswali mawili. Yakiingia Alhamisi jioni na sherehe ni Ijumaa mchana si yatakuwa yamechoka? Na yale maji ya kuwekea maua kuna mtu kaniambia weka aspirini, mwingine soda, mwingine hela ya sarafu, kipi ni kweli?

dada_waridi_arusha:
Alhamisi jioni ni vizuri kuliko Ijumaa asubuhi. Maua yakitoka safari yana kiu, yakikatwa ncha kidogo tena chini na kulala kwenye ndoo ya maji safi sehemu yenye ubaridi, asubuhi unakuta yamesimama. Babati usiku sio kama Dar, chumba chochote kisicho na jiko kinatosha. Wasiyaweke friji ya nyumbani yenye nyanya na ndizi, ndo ile gesi tena.

Maji, achana na sarafu. Lita moja ya maji safi weka kijiko kimoja cha chai cha sukari na matone mawili matatu ya jiki. Sukari ni chakula cha ua, jiki inazuia maji yasichafuke, maana sukari peke yake inawalisha bakteria wanaoziba mashina na hapo umeharibu. Jambo kubwa kuliko yote ni kubadilisha maji kila baada ya siku mbili na kukata ncha za mashina tena. Mama ni nesi, usafi hatafundishwa.

Na mwambie mpambaji ampe mama pia vichipukizi vya waridi kama vipo vyenye shina gumu. Waridi za shambani kuota kwa kuchomeka shina sio uhakika lakini mtu anayependa maua kama mama yako atajaribu tu, na alstromeria zikikauka azitoe mapema zisichafue maji ya wenzake.

mjukuu_maskati:
Samahani kwa kudandia uzi wa watu. Mimi niko Maskati, bibi yangu yuko Pangani, anaumwa miguu hatoki sana siku hizi. Nilitaka kumfanyia hivihivi, nimeona waridi, nikawaza zitoke Arusha mpaka Tanga halafu Pangani. Kuna mtu wa upande huo? Gharama sio tatizo sana, nataka afurahi.

mama_wa_bweni:
Mwanangu, mimi niko ng'ambo ya mto hapa Bweni, Pangani mjini ni kuvuka tu na kivuko. Waridi za Arusha usijisumbue nazo, zifike kwenye joto la pwani kwa bibi ambaye maua yake anayoyajua sio hayo. Bibi wa Pangani mpe asumini. Mpe kikuba, kile kishada cha maua na majani ya kunukia.

Zungumza na jamaa zako waliopo mtaani waulize nani anafunga vikuba, wapo kina mama wanafunga kwa ajili ya harusi na wengine wana mti wa asumini uani. Kikuba kizuri kina asumini, mrehani, mkadi, na vilua vikiwa katika msimu wake, langilangi ukipata. Vinashonwa kwa sindano na uzi, sio kazi ya dakika tano. Asumini zinachumwa alasiri zikiwa bado zimefumba, ukizichuma zimeshafunguka hazifai, magharibi ikiingia zinaanza kufunguka na nyumba nzima inanukia. Asubuhi zimeshageuka rangi. Kwahiyo kitu hiki hakisafirishwi kutoka Tanga wala popote, kinafungwa hapo hapo siku hiyo hiyo na kinapelekwa mkononi kikiwa kimefungwa kwenye jani la mgomba kisikauke kwa joto.

Kwa vile huwezi kuwepo nakushauri usitume mara moja. Ongea na mfungaji mmoja, mtumie hela ya mwezi kwa simu, kila Alhamisi alasiri ampelekee bibi kikuba kimoja, usiku wa kuamkia Ijumaa alale nacho pembeni ya mto. Na asumini nyingine azimwage kwenye sahani juu ya kabati, bibi asiyetoka nje akasikia harufu ile chumbani anakumbuka mengi na atakupigia simu mwenyewe. Atakayepeleka awe mtoto wa jirani anayemfahamu, amwambie vimetoka kwa mjukuu wake, na akae naye kidogo asikimbilie kurudi.

Agiza mapema. Mfungo wa Ramadhani ukikaribia kila wiki kuna harusi, asumini zinagombewa, na mvua kubwa ikipiga mchana zinadondoka zote chini hata mwenye mti hana cha kukuuzia. Muulize kabisa mfungaji kama siku hiyo asumini hazipo atakuwekea nini, wengine wanazidisha mrehani na mkadi, inanukia vizuri tu. Nitakutumia ujumbe pembeni unieleze nyumba ya bibi iko mtaa gani, nikivuka Jumatatu nitakuulizia mwenyewe.